Alikuwa na Ngapi Mwanzo

Jumamosi ile jikoni kwangu, hapa Makwasinyi, tulikuwa watu watano. Mimi mwenye nyumba. Binti yangu wa tatu kuzaliwa, anayefanya kazi Voi ya kufua mashuka katika nyumba moja ya wageni. Mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka minane, niliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, na ndiye tuliyemkalia kikao. Mwalimu wake, mwanamke kijana wa Bomeni, kule Taveta. Si wa damu yetu, ila amepanga chumba kwa wifi yangu, na mtu akishalala miaka miwili katika boma la watu huwa ni wa boma. Wa tano ni huyo wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Yeye hakualikwa. Wifi yangu haalikwi, huja.

Majina yao yote ninayo. Ninayo hata majina ya wasichana niliokaa nao benchi moja darasa la kwanza, na jina la mbuzi aliyekufa wiki niliyoolewa. Binti yangu ameniambia nisiyaandike, kwamba siku hizi jina la mtu likiandikwa linasafiri kuliko mwenyewe. Basi nitawaita kwa walivyo kwangu.

Nasema kikao, lakini hakuna aliyefungua kwa maombi wala aliyeandika. Kilikuwa kikao cha kuamua jambo moja: mtoto abaki kwangu, au aende Voi kwa mamake.

Mambo yalianza na ripoti ya muhula wa kwanza. Siku hizi watoto hawaambiwi nani wa kwanza na nani wa mwisho kama zamani, wanaandikiwa maneno. Kusoma, amefikia matarajio. Mazingira, amepita matarajio. Hesabu, chini ya matarajio. Nilikaa na karatasi ile kwenye kiti cha mlangoni nikaisoma mara mbili, maana mimi ni msomaji wa polepole. Shuleni niliishia darasa la pili, nikatolewa nikabebe mdogo wangu mgongoni wakati mama yuko shambani. Kusoma sawasawa nilikuja kujulia ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru, nikiwa tayari na watoto wanne, mmoja akinyonya huku mimi nachora herufi.

Nikampigia mamake nikamsomea ripoti nzima. Sauti yake haikupanda. Alisema mwisho wa muhula wa pili ataomba ruhusa kazini aje, na kama hesabu bado ziko vile, atamchukua mtoto akasome Voi. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu nilikuwa nimesimama na ndoo, na mtu mwenye ndoo mkononi hasemi mengi. Baadaye nilikaa na lile neno kama mtu anayekaa na jino bovu.

Nimelea watoto sita wa tumbo langu na wajukuu wanne kabla ya huyu. Wote wamekwenda zao, kila mmoja na sababu yake na begi lake. Huyu ndiye aliyenikuta nimechoka. Magoti yanalia nikiinama kwenye jiko. Maji ya mfereji kutoka mlimani huja yanapotaka. Shamba la chini ndovu wakipita hawaachi hata bua, na mwaka huo walipita mara mbili. Kwa hiyo sitasema uongo: zilikuwepo siku nilizowaza kwamba mtoto akienda nitapumzika. Nikishawaza hivyo namwona anaingia uani, sare imejaa vumbi, anaita nyanya kabla hajafika mlangoni, na wazo lenyewe linakwenda zake.

Basi nikamwambia alete kitabu. Kitabu ni cha Kizungu, na Kizungu mimi sikifahamu, kwa hiyo alisoma kimoyomoyo kisha akanieleza kwa Kiswahili. Akikwama nilimwambia aniambie kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. Hesabu za kawaida za kutoa aliziweza vizuri tu. Ukimwambia kumi na tano toa sita, anakuambia tisa huku akifanya jambo lingine. Zilizomshinda ni zile za hadithi, na si zote; ni zile ambazo mwanzo umefichwa. Mama fulani alikuwa na machungwa. Hawasemi mangapi. Akagawa machungwa sita. Yakabaki tisa. Alikuwa na mangapi mwanzo?

Mtoto aliandika tatu.

Nilimwuliza ameipataje. Akasema ameona mtu amegawa, na kugawa ni kutoa, basi naye ametoa. Tisa toa sita, tatu.

"Sasa mtu mwenye machungwa matatu," nikasema, "anagawaje sita?"

Akafikiri. Huyu mtoto akifikiri hunyonya ukosi wa sare. "Labda mengine aliomba kwa jirani," akasema.

Sikucheka, ingawa nilitaka. Ndivyo tunavyofanya hapa. Ukifikiwa na wageni na huna kitu, unampenyeza mtoto nyuma ya nyumba akimbie kwa jirani na sahani chini ya kanga. Na huyo mtoto wa kutumwa kwa miaka yote alikuwa ni yeye.

Shuleni walikuwa wamefundishwa kuchora kisanduku kitupu mahali pa namba isiyojulikana. Kisanduku alikijua. Alikichora kwa rula, akakipaka rangi pembeni, akakiacha kitupu hivyo hivyo. Nilipofungua daftari lake nilikuta visanduku kurasa nne, vizuri kama madirisha, na ndani yake hakuna kitu, au kuna namba ndogo yenye msalaba mwekundu kando.

Mimi hesabu ya namna hiyo sikufundishwa shuleni. Nilifundishwa na mama mkwe, tena kwa aibu.

Nilikuwa na watoto wawili, mume wangu yuko kwenye mashamba ya mkonge, na mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Kwetu mavuno yakiingia nyumbani, kinachopimwa kwanza ni mbegu. Inatolewa kabla ya kitu kingine chochote, inachanganywa na majivu, inafungwa na kuwekwa kwenye dari ya jikoni ipate moshi. Tangu hapo si chakula tena. Hata mtu akikuuliza umebakiwa na nini nyumbani, mbegu haitajwi. Ipo, lakini haimo katika vilivyobaki.

Mimi niliipandia ile dari. Nilichukua kikombe cha kunde leo, na kesho kutwa kingine. Nilikuwa najiambia nitarudisha mume akileta chochote. Hakuleta. Mawingu yalipoanza kuukalia mlima, mama mkwe akaja kuuliza mbegu.

Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Aliteremsha kibuyu mwenyewe, akamimina kunde kwenye ungo, akazipima kwa kikombe kile kile. Vikombe kumi na kimoja. Kisha akaketi chini, akanyoosha miguu, akasema, "Sasa niambie siku moja moja."

Nikamwambia. Kikombe cha siku ya kwanza. Cha siku mtoto mkubwa alipotapika. Cha siku walipopita watu wa msibani na sikuwa na cha kuwapa. Kwa kila nilichotaja aliokota jiwe dogo, akaliweka kwenye ungo kando ya kunde. Mawe yakafika tisa. Akayahesabu juu ya vile kumi na kimoja: kumi na viwili, kumi na vitatu, taratibu, kidole juu ya kila jiwe, mpaka ishirini.

"Ndivyo vilivyokuwa," akasema.

Alikuwa anajua tangu mwanzo, maana yeye ndiye aliyevipima siku ya mavuno. Alitaka kuona kama nitavirudisha vyote kwa kuvitaja. Kesho yake akaniletea vikombe tisa kutoka mbegu yake mwenyewe, na jambo lile hakulitaja tena mpaka alipofariki. Alipanda pungufu mwaka ule. Niliona mstari wake wa kunde ulivyoishia katikati ya shamba, na nilikuwa nikipita pale nageuza uso.

Basi mjukuu wangu nikamfundisha vivyo hivyo. Nikamwambia aweke kisanduku pembeni, alete ungo. Alipotoka shuleni, saa kumi hivi, kabla hajaenda kuwarudisha mbuzi, tulikaa uani mimi na yeye. Punje za pojo, yaani ndengu, zilisimamia vilivyobaki, mawe yalisimamia vilivyotoka. Machungwa tisa yamebaki, weka pojo tisa. Sita aliyagawa, yako mikononi mwa watu. Waambie watu warudishe, weka mawe sita. Sasa hesabu vyote pamoja, ndivyo alivyokuwa navyo kabla hajagawa. Akahesabu kumi na tano. Akanitazama kana kwamba nimemficha kitu miaka yote.

Siku hiyo alielewa. Kesho yake alikuwa amesahau. Siku ya tatu alielewa nusu, akarudisha vya watu lakini akasahau kuvihesabu pamoja na vilivyobaki. Tulikwenda hivyo wiki tatu. Nilichoka. Si kuchoka kwa jembe, ambako mtu hulala akaamka mzima. Kuchoka kwa kusema neno moja mara arobaini kwa sauti ile ile, huku moshi wa jiko unakuambia maharagwe yanaungua, na huku unajua kwamba ukipandisha sauti mtoto atafunga masikio na itakubidi uanze tena kesho.

Wifi yangu alipita siku moja akatukuta tumeinamia ungo.

"Wifi, ngumbaru siku hizi wanafungua shule?"

Nikamwambia karibu, nafasi ya mwanafunzi ipo. Akasema yeye alifika darasa la nne, hawezi kurudishwa nyuma na mtu wa darasa la pili. Hata hivyo akakaa. Na kwa kuwa mwanamke akikaa karibu na ungo mikono yake haitulii, akaanza kuchambua pojo zetu, anaokota mawe na kuyatupa uani huku anaongea habari za kanisani. Mtoto alipohesabu akapata tisa tu.

"Shangazi ametupa watu wote," mtoto akasema, akimwita kama anavyoitwa na mamake.

Tulicheka mpaka wifi yangu akajifuta macho kwa ncha ya leso. Halafu akainuka akaenda kuokota mawe mengine, akayaleta kwenye kiganja, na tangu siku hiyo akawa anapita kila jioni kuuliza leo tumegawa nini.

Katika wiki ya nne mtoto akaacha ungo mwenyewe. Nilimwona anafanya kwa vidole, kisha kwa macho tu, anatazama juu ya paa, midomo inacheza, anaandika. Nikajua imeingia. Nikaenda kulala kitandani saa kumi na moja jioni na viatu miguuni, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi ile.

Binti yangu alifika asubuhi na mkate na sukari. Alikuwa amekonda. Mikono yake imepasuka kwenye viungo vya vidole kwa sabuni ile ya kazini, na aliposhika kikombe cha chai alikishika kwa viganja, vidole amevinyoosha. Mtoto alimkimbilia, kisha akasimama hatua mbili mbele yake akaona haya, kama anavyofanya kila mara, mpaka mamake akamvuta. Tukaingia jikoni kwa sababu upepo wa mlimani ulikuwa mkali na kuna moto.

Mwalimu nilimwita mimi. Nilitaka aseme yeye kwa mdomo wake kwamba mtoto ameshika, maana maneno ya bibi kuhusu mjukuu yana uzito gani. Yule binti wa Bomeni ni mpole, ana Kiswahili chake cha kule kwao, anavuta maneno kidogo mwishoni. Hakutaka kusema tu. Alisema ni afadhali mama wa mtoto aone mwenyewe. Akachana karatasi, akaandika hesabu tano, akazisoma kwa Kiswahili ili wote tusikie, na mtoto akakaa kwenye kigoda na kitabu juu ya magoti kama meza.

Ya kwanza, mama alikuwa na mayai, akapika manne, yakabaki manane. Mtoto akaandika kumi na mbili. Ya pili, mwanafunzi alikuwa na penseli, akapoteza tano, zikabaki sita. Kumi na moja. Ya tatu machungwa, yaligawiwa tisa yakabaki tisa. Kumi na nane. Ya nne vikombe, vilivunjika vitatu vikabaki kumi na vitatu. Kumi na sita. Kila mwalimu alipotia alama ya vema, wifi yangu aliguna kwa kuridhika kama anayekula nyama. Mimi nilikuwa natazama moto. Nilikuwa naogopa kumtazama binti yangu, asije akaona furaha yangu mapema.

Ya tano ilikuwa ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Mkulima alikuwa na gorogoro za pojo. Akawapa jamaa zake gorogoro saba. Zikabaki nane. Alikuwa na gorogoro ngapi mwanzo?

Mtoto hata hakutazama paa. Akaandika upesi, akampa mwalimu karatasi. Kumi na saba.

Mwalimu akaitazama. Akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi, akatia msalaba, mdogo, kwa huruma. Binti yangu akaweka kikombe chini. Nilimsikia akivuta pumzi, na nikajua pumzi hiyo inaelekea wapi. Nilihisi wiki zote zile zimenikalia kwenye mabega.

Mwalimu akamwuliza mtoto, kwa upole, amefanyaje. Mtoto akaeleza vizuri kabisa. Nane zilizobaki. Saba za jamaa zinarudi. Hiyo ni kumi na tano.

"Halafu?" mwalimu akasema.

"Halafu mbili za mbegu."

"Za mbegu zimeandikwa wapi?"

"Hazikuandikwa," mtoto akasema, na akamtazama mwalimu kama anayemwonea huruma. "Ziko darini. Zenyewe hazihesabiwi kwa zilizobaki. Lakini mwanzo zilikuwepo."

Hapo wifi yangu akapiga magoti yake kwa viganja vyote viwili akacheka. Akanyoosha kidole juu, kwenye dari yangu nyeusi ya moshi, ambako gorogoro zangu mbili za pojo zilikuwa zimefungwa katika mfuko, na wote tukainua macho. Kwenye mayai hakuna mbegu. Penseli haina mbegu. Machungwa ya kununua hakuna anayeyawekea mbegu, na vikombe ni vikombe. Lakini pojo ni pojo, na mtoto huyu hajawahi kuona pojo za mtu zikapimwa bila mbili kutangulia kutoka. Mimi ndiye niliyemzoesha. Kila mavuno nilimpa kazi ya kushika mdomo wa mfuko.

Mwalimu alianza kueleza, huku na yeye anazuia kicheko, kwamba mkulima wa kitabuni ni wa kitabuni tu, hana jikoni, tunahesabu yale tuliyoambiwa peke yake. Akasema kwa kweli mtoto ameshaelewa, hilo la mbegu litanyooka kwa siku moja. Akasema mwenyewe atambadilishia maneno kwenye ripoti.

Binti yangu alikuwa bado anatazama dari. "Hata mimi," akasema polepole, "ningeandika kumi na saba."

Nilidhani imekwisha. Nilijisahau nikaanza kuongea, nikasema umesikia sasa, mwalimu amesema, mtoto ameshika, mimi na darasa langu la pili nimemfundisha, basi muhula wa tatu aendelee hapa hapa. Niliongea sana. Nilikuwa kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mama," binti yangu akasema. "Mimi sikuja kwa ajili ya hesabu."

Nikageuka kumtazama.

"Zingekuwa zote sawa, ningetafuta neno lingine. Ningesema maji, ningesema ndovu." Alikuwa anaongea na vidole vyake. "Nafua mashuka ya watu, narudi chumbani, naongea na mwanangu kwenye simu ananiambia amekula nini. Mimi pia nimechoka, mama."

"Mbona hukusema hivyo toka mwanzo?"

"Ningesemaje? Wewe ndiye uliyemlea. Nije nikuambie nipe mtoto wangu, kama niliyeacha sufuria hapa?"

Mwalimu aliangalia ndani ya kikombe chake. Kuni zilikuwa zinalia kidogo kwenye mafiga, moja ilikuwa mbichi. Na mtoto mwenyewe, ambaye sijui alisikia kiasi gani, alikuwa ameinamia karatasi, anafuta ile kumi na saba kwa raba, anafuta na kupuliza.

Ningeweza kubishana. Kubishana nakujua, nimebishana na wazee wa ukoo kuhusu shamba nikiwa mjane wa miezi mitatu, na nikashinda. Maneno ya kusema nilikuwa nayo. Ningemwambia huko Voi nani atakaa na mtoto wewe ukiwa kazini. Ningemwambia hapa anajulikana na kila mtu. Lakini kila neno nililolishika lilikuwa zito kama ile ndoo, na nikamwona binti yangu, si mtoto wa tatu tena bali mwanamke mwenye miaka yake, mikono imepasuka, ameomba ruhusa ya siku moja aje kuvizia mtoto wake kwa kisingizio cha machungwa. Nikaona aibu. Nilikuwa nimefundisha wiki nne nzima nikidhani napigana na kitabu.

"Mchukue," nikasema. "Shule zikifungwa, mchukue."

Alikuwa amekuja amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakuwa na pa kuuweka. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vinamwuma.

"Mwalimu," mtoto akasema, "nikiandika kumi na tano sasa utanipa vema?"

Mwalimu akampa. Tano kwa tano, akaandika juu, akachora nyota.

Shule zilifungwa baada ya wiki mbili. Nilifua sare, ingawa huko aendako watavaa rangi nyingine. Begi lilikuwa dogo. Mtoto alikuwa na furaha ya safari, aliuliza habari za gari moshi, kama linaonekana ukisimama mlangoni kwa mamake, na mimi nilimjibu kama ninayejua. Asubuhi ya kuondoka alilia kidogo, si sana, akashika nguo yangu kiunoni, kisha gari likaja akapanda upande wa dirishani. Sikumwambia maneno makubwa. Nilimwambia asiache kunawa masikio.

Sasa yuko Voi na anaendelea. Hunipigia Jumapili mchana. Mwezi uliopita alinisomea hesabu kwenye simu, mtu alikuwa na magunia, akayatoa, yakabaki, na kabla sijafikiri akanipa jibu, na lilikuwa sawa. Nikamwuliza vipi mbegu. Akasema, "Nyanya, huku tunahesabu zilizoandikwa tu." Nikasema ni vizuri. Na ni vizuri, ndivyo mwalimu alivyotaka na ndivyo nilivyotaka. Baada ya simu nilikaa hapo hapo mlangoni muda, nikachelewa kuwarudisha mbuzi.

Napumzika, ndiyo. Naamka nikitaka, napika kidogo, wifi yangu anakuja tunakaa. Nilidhani uchovu wangu ni wa mtoto, kumbe ni wangu mwenyewe. Hakuondoka nao.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na kichwa changu hakijaanza kuvuja, lakini waliokuwepo wapo. Wifi yangu anasema ile hesabu ya nne ilikuwa ya sahani, si vikombe, na kwamba yeye hakucheka vile. Binti yangu huenda akasema maneno yale hakuyasema kwa mpangilio huu, au kwamba mimi sikusema mchukue kwa sauti niliyoiandika, kwamba nilikuwa mkali. Inawezekana. Mwalimu amehamishiwa upande wa Salaita, na kama haya yatamfikia, yeye ndiye aliyeandika hesabu kwa mkono wake, kwa hiyo anajua zaidi. Yeyote katika hao wanne akiona nimeongeza au nimepunguza, aniambie, nami nitafuta niandike upya.